Kuziba Tundu la Tairi ni Kulinda Roho za Watu

Barabara kuu itokayo Mau Summit kwenda Kericho hupita Chepseon, katika nchi ya vilima na mashamba ya chai. Usiku na mchana hupita humo malori yaendayo Kisumu na mpakani Uganda, mabasi, matatu, na magari yachukuayo majani mabichi ya chai kutoka kwa wakulima kuyapeleka viwandani. Njia ndogo ziingiazo mashambani zina mawe makali, na misumari haikosekani; kwa hiyo pancha ni jambo la kawaida. Lakini majani ya chai hayangoji. Yakikaa yameshindiliwa garini hupata joto na kuharibika, na kazi ya siku nzima ya mchumaji hupotea. Hapo dereva hushikwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo izaayo kazi mbovu. Tundu lililozibwa vibaya leo laweza kupasua tairi kesho, gari likiwa katika mteremko na limejaa watu.

TAIRI LILIVYO

Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua njia ya kupika mpira pamoja na kiberiti ili uwe mgumu bila kuvunjika. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, alipata hati ya tairi lijazwalo upepo. Kwa miaka mingi upepo huo ulikaa ndani ya tyubu. Baada ya Vita Kuu ya Pili yalitokea matairi yasiyo na tyubu, ambayo ndiyo yaliyo katika magari mengi madogo ya sasa.

Tairi la namna hii lina tabaka kadha wa kadha. Ndani kabisa mna ngozi laini ya mpira izuiayo upepo usitoke. Juu yake zimo nyuzi zilizofumwa, kisha mikanda ya nyuzi za chuma, na mwisho uso mnene ukanyagao barabara. Msumari upitao hutoboa tabaka zote hizo, na kila tabaka lataka dawa yake. Huu ndio msingi wa somo hili lote.

TUNDU LISILOFAA KUZIBWA

Kabla ya kushika chombo chochote, fundi hutazama mahali palipotoboka. Tundu lililo katikati ya uso wa tairi la gari dogo, lisilozidi milimita 6 kwa upana, laweza kuzibwa. Tundu lililo ubavuni au begani mwa tairi halizibwi, kwa kuwa hapo tairi hupinda na kunyooka katika kila mzunguko, na kiraka hakidumu. Vile vile halizibwi tairi ambalo uso wake umelika hadi kufikia vialama vilivyo ndani ya mifereji, maana yake umebaki milimita 1.6 tu.

Tena liko tairi liuawalo na dereva mwenyewe. Akiendelea kwenda bila upepo, hata kwa mwendo mfupi, ubavu husagwa kati ya rimu na barabara. Kwa nje huenda lisionekane na kasoro, lakini ndani mna unga wa mpira na alama ya kuzunguka pande zote. Tairi hilo limekwisha, hata kama tundu lake ni dogo kama la sindano.

KAMBA PEKE YAKE, KIRAKA PEKE YAKE

Mafundi wengi wa kando ya barabara huchomeka tunduni kamba fupi ya mpira yenye kunata, bila kulitoa tairi katika rimu. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na yafaa kumfikisha dereva penye karakana, akienda polepole. Lakini haifai kuhesabiwa kuwa ndiyo matengenezo. Fundi hakuona ndani, wala hajui kama ubavu umesagika. Na ngozi ya ndani bado imetoboka, kwa hiyo upepo huweza kupenya kati ya tabaka.

Kiraka kilichobandikwa ndani, bila kujaza tundu, nacho kina upungufu wake. Upepo hautoki, lakini mlango wa nje umebaki wazi. Katika nchi ya Kericho, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi, maji huingia tunduni, yakafikia nyuzi za chuma, zikashika kutu. Baada ya muda mikanda huachana na mpira. Kwa sababu hiyo matengenezo kamili ni mambo mawili pamoja: tundu lijazwe, na ndani pabandikwe kiraka.

KAZI INAVYOFANYWA

1. Gari husimamishwa mahali tambarare, mbali na kona. Breki ya mkono hufungwa, magurudumu huzuiwa kwa mawe, na pembetatu za kuonya huwekwa mbele na nyuma. Mawe na matawi hayafai kuachwa barabarani baada ya kazi, kwani yameua wengi.

2. Tundu hutafutwa kwa maji ya sabuni. Panapotoka mapovu ndipo penyewe. Hutiwa alama ya chaki kabla ya kung'oa msumari.

3. Tairi hutolewa katika rimu, na ndani hukaguliwa kwa taa.

4. Tundu husafishwa kwa kekee kufuata mwelekeo wa msumari, kisha hujazwa mpira.

5. Ngozi ya ndani hukwaruzwa taratibu na kupanguswa vumbi. Ikikwaruzwa mno, nyuzi hutokeza na tairi huharibika.

6. Gundi hupakwa kwa wembamba na kuachwa ikauke hadi inate bila kulowesha kidole. Anayebandika kiraka gundi ikiwa mbichi hufungia mvuke chini yake, na kiraka hubanduka. Gundi hiyo hushika moto upesi. Sigara iwe mbali.

7. Kiraka hukandamizwa kwa kigurudumu kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa yote itoke.

8. Tairi hurudishwa, hujazwa upepo kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari, na kupimwa tena kwa maji ya sabuni. Nati hukazwa kwa kupishana, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kwa tairi lenye tyubu, kiraka hubandikwa juu ya tyubu. Hata hivyo, fundi apitishe kitambaa ndani ya tairi lote. Msumari uliosahauliwa humo hutoboa tyubu mpya kabla ya gari kufika kilomita ya kwanza.

Kwa malori yenye rimu za pete, hatari ni kubwa zaidi. Pete isiyokaa sawasawa huruka kwa nguvu ya upepo na huweza kumwua mtu papo hapo. Tairi hilo hujazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, na fundi husimama kando, wala hasimami mbele yake.

Bei ya kazi kamili huzidi ile ya kamba peke yake, na huchukua muda mrefu zaidi. Mwenye gari akumbuke kwamba eneo la tairi likanyagalo barabara halizidi sana kiganja cha mkono, na abiria wote wamekaa juu ya viganja vinne tu.