Matandazo ya Kahawa Hayawekwi Mara Moja Tu

Katika nyanda za juu za Kenya, kama Kiambu, Murang'a na Nyeri, mvua kubwa hunyesha tangu Machi hadi Mei, na mvua ndogo tangu Oktoba hadi Desemba. Kisha huja jua kali la Januari na Februari, na hapo ndipo mbuni hujulikana kama ulitunzwa ama uliachwa. Udongo ulio wazi hukauka upesi, na mizizi myembamba inywayo maji, ambayo haiko mbali na uso wa nchi, ndiyo iumiayo kwanza. Udongo uliofunikwa kwa majani makavu, yaani matandazo, hukaa na unyevu wake. Tena wadudu wadogo waitwao thripsi, ambao huzidi wakati wa ukame na kuyafanya majani ya mbuni yang'ae kama fedha, hupungua palipofunikwa.

Wakulima wengi wanalijua jambo hilo. Kosa lao ni kudhani kwamba matandazo yakishawekwa kazi imekwisha. Majani huoza, na mchwa huyala. Yaliyokuwa na kina cha inchi 4 hubaki utando mwembamba, magugu yakapenya. Kwa hiyo mkulima hodari hupita shambani kabla mvua hazijakoma, hung'oa magugu, kisha huongeza majani udongo ungali na maji. Akingoja mpaka ardhi ikauke, huwa ameufunika ukavu.

Mabingobingo hufaa sana, lakini sharti yakatwe na kuanikwa kwanza. Mashina yake mabichi yakilazwa juu ya udongo wenye maji huchipuka, na shamba la kahawa likageuka malisho. Wala yasilundikwe kwenye shina la mbuni. Nafasi ya shubiri moja iachwe wazi, gome lisije likaoza.

Shida kubwa ni ng'ombe. Majani yale yale ndiyo chakula chake, na katika shamba dogo mara nyingi hayatoshi kwa yote mawili. Mwenye busara hampunji ng'ombe: hutandaza mstari mmoja na kuruka mmoja, na mwaka wa pili hubadilisha. Moto ukiingia wakati wa kiangazi, mistari iliyo wazi huuzuia usienee upesi. Majani ya migomba na mabua ya mahindi huziba pengo, na samadi ya ng'ombe yule yule huenda kwenye mistari isiyofunikwa, kabla ya mvua za Machi.