Macho ya Manjano: Damu Inasema Nini Kuhusu Ini?

Mlevi wa siku nyingi akigeuka macho manjano na tumbo likajaa maji, watu mtaani husema, "Huyo keshakwisha." Daktari hasemi hivyo. Yeye huchukua damu kidogo, huipeleka maabara, halafu hupiga hesabu. Na hesabu yenyewe, kumbe, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza.

Kwanza kumbuka somo la biolojia. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Katika mabaki yake hutoka rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huichukua na kuitoa pamoja na nyongo. Ini likishindwa, rangi hiyo hubaki kwenye damu na kuonekana machoni. (Malaria kali, homa ya ini aina ya B na selimundu pia huleta manjano, kwa hiyo usimwite mlevi kila umwonaye hivyo!)

Pili, ini ni kiwanda cha protini zinazogandisha damu. Baadhi yake hazidumu hata siku moja mwilini, basi kiwanda kikisimama leo, kesho upungufu unaonekana. Fundi wa maabara huchanganya maji ya damu na dawa maalumu, akahesabu sekunde mpaka yagande. Kwa mtu mwenye afya ni kama sekunde 11 hadi 13. Lakini kiwanda hiki hakiendi bila vitamini K, na wanywaji wengi hawali vizuri. Ndiyo maana daktari huweza kuchoma sindano ya vitamini K kwanza. Sekunde zisipopungua, ujue ini lenyewe limechoka.

Je, vile vimeng'enya vya ini ambavyo watu hupenda kuviuliza? Hivyo huvuja kutoka kwenye seli zilizoumia. Vinaonyesha kuumia, si nguvu iliyobaki. Ini lililojaa makovu laweza kutoa majibu karibu ya kawaida, maana seli za kuvuja zimebaki chache. Mtu akifurahia majibu hayo na kurudi kilabuni, amejidanganya mwenyewe.

Sasa hesabu. Mwaka 1978 Maddrey na wenzake, huko Baltimore, Marekani, walitoa kanuni kwa wagonjwa ambao ini limevimba kwa sababu ya pombe. Mwaka 1989 ikarekebishwa hivi: chukua sekunde za mgonjwa, toa sekunde za kawaida, zidisha kwa 4.6, kisha jumlisha bilirubini (miligramu katika desilita moja ya damu).

Tuseme mgonjwa ana sekunde 19, za kawaida ni 13, na bilirubini ni 10. Tofauti ni 6. Mara 4.6 ni 27.6. Ongeza 10, unapata 37.6. Ikifika 32 au zaidi, hali ni mbaya sana: bila matibabu, kati ya theluthi na nusu ya wagonjwa wa namna hii hufa ndani ya mwezi mmoja.

Lakini angalia vizuri, hiyo ni habari ya kundi. Haisemi ni nani atakufa. Inamsaidia daktari kuamua kama atoe prednisoloni, dawa kali isiyofaa mwenye maambukizi yasiyodhibitiwa. Baada ya siku 7 bilirubini hupimwa tena. Watafiti wa Lille, Ufaransa, mwaka 2007 walionyesha uzito wa kipimo hicho cha pili: walioitikia dawa, kama 85 katika 100 walikuwa hai baada ya miezi 6, wasioitikia, 25 tu.

Akishatoka hospitali, kinachoamua zaidi miaka inayofuata ni kama ameacha pombe kabisa. Hapa familia nyingi hukosea: humfungia mtu ndani nyumbani aache ghafla. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa hivyo anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege na kufa. Mpelekeni kituo cha afya aachishwe chini ya uangalizi.

Zoezi: mgonjwa wa pili ana sekunde 15, za kawaida ni 13, bilirubini ni 6. Je, amefika 32? (Jibu: 15.2, bado hajafika.)