AKIBA HAIOZI: SOMO LA KUKAUSHA NANASI KWA OVENI

Mlezi wa chama chetu alitaka kila mwanachama aandike somo kuhusu jambo alilolifanya kwa mikono yake, si la kunakili kitabuni. Mimi nimechagua nanasi. Usicheke kwanza! Ndani yake mna sayansi, mna hesabu na mna Kiswahili pia.

Kwa nini tukaushe?

Baadhi ya mananasi tunayokula hapa Kisumu hutoka Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, na mengine hutoka Uganda. Tunda hili likishaiva halingoji mnunuzi. Shangazi yangu huuza matunda katika soko la Kibuye, na siku kubwa ya soko ni Jumapili. Jioni ikifika, yaliyobaki huyauza kwa bei ya kutupa. Yasipochukuliwa, katikati ya wiki yananuka pombe. Hapo kinachooza si tunda tu, ni karo na unga.

Nilitaka kujua kama oveni inaweza kuokoa pesa hizo. Mama ni mpishi katika nyumba moja hapa Milimani. Mwajiri wake alituruhusu kutumia oveni ya umeme siku moja ya likizo ya Aprili, mradi tununue wenyewe tokeni za umeme tutakaotumia. Kwa hivyo siku hiyo nilikuwa naisoma mita kama karani wa benki.

Mbona si juani?

Swali zuri. Akina mama wa ufuo wa Dunga huanika omena juani, na jua na upepo wa ziwa huwafanyia kazi bure. Lakini omena ni mdogo na mwembamba. Kipande cha nanasi ni kinene, kina sukari, kinaita nzi. Tena Aprili ni masika: asubuhi jua, alasiri mvua. Kipande kikilala na unyevu, kinaota ukungu.

Kukausha si kupika

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Katika kila gramu 100 za nyama ya nanasi, gramu 86 hivi ni maji. Kukausha ni kuyatoa maji hayo ili bakteria na kuvu wasipate pa kuishi. Wengi hudhani moto mkali utaharakisha kazi. La hasha! Moto ukizidi, ngozi ya nje hukakamaa na kufunga njia, maji yakabaki ndani. Kinachohitajika ni joto la wastani na hewa inayopita. Joto hugeuza maji kuwa mvuke, na hewa huubeba mvuke nje. Hewa isipopita, nanasi litachemka kwa mvuke wake lenyewe.

Hatua za kufuata

1. Chagua nanasi lililoiva lakini bado gumu kidogo, lenye harufu tamu kwenye kitako. Likinuka pombe, achana nalo. Kukausha hakufufui tunda lililokwisha kuoza.

2. Nawa mikono, osha nanasi na kisu. Menya, toa macho yote, kata mapande manne kwa urefu, kisha ondoa moyo wake mgumu.

3. Kata vipande vyenye unene wa nusu sentimita. Vyote viwe sawa, la sivyo vyembamba vitaungua huku vinene vingali vibichi. Vifute maji kwa kitambaa safi.

4. Vipange juu ya wavu au trei bila kugusana. Usiongeze sukari, nanasi lina yake ya kutosha.

5. Weka oveni kwenye nyuzi 60 hadi 70. Acha mlango wazi kidogo, upana wa vidole viwili, kwa kuuzuia na mwiko wa mbao. Huo ndio mlango wa mvuke. Watoto wadogo wasikaribie.

6. Baada ya kila saa mbili geuza vipande, na trei ya juu uishushe chini. Sisi tulimaliza kwa saa tisa. Yako inaweza kuchukua pungufu au zaidi, kutegemea oveni na unene wa vipande.

7. Pima kwa mkono. Acha kipande kipoe, kikunje, kibinye. Kiwe kama ngozi laini, kisitoe maji wala kunata sana. Usipime kikiwa moto, kwani cha moto hujifanya laini kuliko kilivyo.

8. Vikipoa vyote, jaza theluthi mbili ya chupa kavu yenye kifuniko. Itikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona umande kwenye kioo, rudisha vipande kwenye oveni. Kisha funga vizuri, weka mahali pakavu pasipo na jua.

Sasa hesabu

Tulikausha mananasi matatu ya Jumapili jioni, shilingi 40 kila moja, jumla 120. Baada ya kumenya tulibaki na kilo 2.3, na baada ya kukausha gramu 380. Mita ilionyesha tumekula yuniti 6, karibu shilingi 180. Mifuko midogo ilikuwa shilingi 30. Jumla ya gharama: 330. Tulipata mifuko 7 ya gramu 50, iliyouzwa shilingi 70 kila mmoja, jumla 490. Kilichobaki tulikitafuna. Faida ikawa shilingi 160, bila kuhesabu jasho letu.

Lakini tazama hapa. Oveni huwaka kwa saa nyingi iwe imejaa au ina trei moja. Hata tukisema nanasi moja lingetumia yuniti 5, hizo ni shilingi 150. Ongeza 40 za nanasi na 10 za mifuko, jumla 200. Utapata mifuko miwili tu, shilingi 140. Hasara ya 60! Kwa hivyo oveni haimsaidii anayekausha nanasi moja. Ijaze, au usiiwashe. Na shangazi anayebaki na mananasi ishirini hataokolewa na oveni ya nyumbani. Yeye anahitaji kikaushio cha jua, yaani sanduku lenye paa angavu, wavu wa kuzuia nzi na matundu ya kupitisha hewa. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa Uganda wamekuwa wakikausha nanasi kwa vikaushio hivyo na kuliuza Ulaya. Jirani zetu wa ziwa moja wameweza, sisi tuna nini?

Kona ya msamiati

Neno nanasi limesafiri mbali. Asili yake ni lugha za wenyeji wa Amerika Kusini, nao Wareno wakaliita ananás. Kiswahili chetu ni tajiri wa majina ya vitu vilivyokaushwa:

Mbata – nazi kavu.
Makopa – vipande vya muhogo mkavu.
Ng'onda – samaki aliyepasuliwa na kukaushwa.

Tena tunatofautisha vitendo: kuanika ni kutandaza juani, kubanika ni kuweka juu ya moto, kuoka ni kupika kwa joto la oveni. Lakini nanasi lililokaushwa bado halina jina lake. Rafiki yangu alipendekeza kaukau, nikamwambia hilo limeshachukuliwa na viazi vya kukaanga. Kazi kwenu, wanachama: leteni majina, tuyajadili.

Zoezi

(a) Eleza kwa nini mlango wa oveni huachwa wazi kidogo.
(b) Kilo 5 za nyama ya nanasi zina maji kiasi gani?
(c) Tunga sentensi moja yenye vitenzi anika na kauka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nami naongeza: haiozi ikiwa imekaushwa vizuri, na ikiwa gharama ya kuiweka haijaimeza. Kabla ya kuwasha umeme, shika kalamu kwanza. Kiswahili kitukuzwe!