Somo: Bei ya Petroli na Gharama ya Safari



Petroli hushushwa bandarini Mtwara. Malori huipeleka Masasi na Newala. Safari hiyo ina gharama. Ndiyo maana bei ya Newala huzidi ya Mtwara mjini.

Je, muuzaji hupanga bei apendavyo? Hapana. Mwaka 1973 Serikali iliunda Tume ya Bei. Siku hizi bei ya mafuta husimamiwa na EWURA. Kila mwezi hutangaza bei ya juu kwa kila wilaya. Gharama ya safari imo ndani yake. Muuzaji aweza kupunguza, hawezi kuzidisha.

Soma ubao wa bei kituoni. Dai stakabadhi. Ukizidishiwa bei, toa taarifa. Anayejua kusoma hapunjiki.

Swali: Kwa nini bei za Mtwara na Newala hutofautiana?