Mwanao anaanza shule? Angalia afya yake kwanza

KILA mwaka unapofika muhula wa tatu, wazazi wengi jijini Nairobi huanza kukuna vichwa. Mtoto ametimiza miaka mitatu na miezi kadhaa, Januari inabisha hodi, na bado haijaamuliwa atapelekwa shule gani. Jirani anasifu shule ya watoto wake, mfanyakazi mwenzako anasifu nyingine, na kwenye nguzo za stima kumebandikwa matangazo ya shule zinazoahidi kwamba mtoto wa miaka minne atajua kusoma na kuandika kabla mwaka haujakwisha.

Mara nyingi mzazi huuliza mambo mawili tu: karo ni pesa ngapi, na shule inasifika vipi katika mitihani. Si vibaya kuuliza hayo. Lakini kwa mtoto mdogo ambaye mwili na akili yake vingali vinakua kwa kasi, lipo swali linalopasa kutangulia: Je, afya yake itakuwa salama huko? Mtoto asiyelala vya kutosha, anayezuia mkojo kwa kuogopa choo, au anayeumwa na tumbo kila juma, hatafaidika na mwalimu hata awe hodari namna gani.

Leo tutazame mambo ambayo mzazi wa mjini anapaswa kuyapima kabla ya kulipa karo ya kwanza.

UMRI UNAOFAA

Katika mfumo wa elimu ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, mtoto huanza PP1 akiwa na umri wa miaka minne, akaingia PP2 akiwa na mitano, na Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo, ukitaka chekechea ya umma, uliza katika shule za msingi za umma zilizo karibu nawe au katika ofisi ya elimu ya kaunti.

Wapo wazazi wanaomsukuma mtoto wa miaka miwili na nusu darasani kwa sababu hawana yaya, au kwa kuhofia kwamba wenzake watamwacha nyuma. Ikiwa unachohitaji ni mtu wa kumlea mchana, tafuta kituo cha malezi kilicho safi na chenye walezi wa kutosha, wala usimtwike masomo. Misuli ya vidole vya mtoto wa miaka mitatu bado haijakomaa kushika penseli na kujaza kurasa. Kazi yake ni kucheza, kuongea, kuimba, kufinyanga udongo na kukimbia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za kuchezesha viungo kila siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za mchezo wa nguvu. Shule isiyo na mahali pa kukimbilia haiwezi kumpa mtoto haki hiyo.

HESABU YA USINGIZI

Hapa ndipo wazazi wengi wa mjini hukosea. WHO inasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 katika kila saa 24, pamoja na usingizi wa mchana. Basi chukua kalamu tupige hesabu.

Tuseme unaishi Umoja na umempata mwanao nafasi katika shule yenye sifa iliyoko upande wa pili wa jiji. Basi la shule linamchukua saa kumi na mbili kasorobo asubuhi ili kuepuka msongamano wa magari. Lazima aamke saa kumi na moja alfajiri ili aoge, avae na anywe uji. Ili apate saa 10 za usingizi, ingempasa awe amelala saa moja jioni. Lakini saa moja wewe bado uko kwenye matatu. Unafika nyumbani saa mbili, mtoto anataka kukuona, mnakula pamoja, na anapitiwa na usingizi saa tatu na nusu. Huyo amelala saa saba na nusu tu.

Anapungukiwa na saa mbili na nusu kila usiku. Kwa siku tano za shule, upungufu huo ni saa kumi na mbili na nusu, yaani zaidi ya usiku mmoja mzima wa kulala. Hata akilala saa moja shuleni mchana, bado pengo halizibiki. Mtoto wa namna hiyo huwa na hasira za karibu, husinzia darasani, huchoka kula, na mwalimu huenda akadhani ni mzito wa kuelewa.

Sasa linganisha na shule ya kawaida iliyo mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Masomo yakianza saa mbili asubuhi, mtoto anaweza kuamka saa kumi na mbili na nusu. Akilala saa mbili na nusu usiku, amepata saa zake 10. Pengine shule hiyo haina sare ya kupendeza wala bwawa la kuogelea, lakini imempa mwanao kitu ambacho ile ya mbali haiwezi kumpa.

Ikiwa huna budi kuchagua shule ya mbali, basi zima runinga na simu mapema jioni, mlishe kabla hujarudi, na ukubali kwamba siku nyingine utamkuta amelala. Ni vigumu kwa mzazi, lakini ni afadhali kwa mtoto.

CHAKULA NDANI YA MKEBE

Umbali pia hugusa chakula. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa mbili bila kuwekwa mahali penye baridi au kuwekwa moto, kwa sababu vijidudu huzaana humo haraka. Mchuzi wa nyama uliofungwa saa kumi na moja alfajiri na kuliwa saa sita mchana umekaa saa saba. Usishangae mtoto akirudi nyumbani akiharisha.

Iwapo shule hupika, omba kuliona jiko. Tazama maji yanatoka wapi, wapishi wananawa wapi, na vyombo huanikwa wapi. Katika shule za umma za Nairobi, uliza kuhusu mpango wa chakula wa kaunti ulioanzishwa mwaka wa 2023, ambapo mzazi alitakiwa kuchangia shilingi tano kwa mlo. Iwapo shule haipiki, mfungie vitu visivyoharibika upesi: ndizi, chungwa, mkate. Chipsi na soda za kila siku humjaza tumbo bila kumjenga mwili. Wala usimpe mtoto wa umri huu njugu nzima, kwani zinaweza kumkwama kooni.

CHOO KINASEMA MENGI

Usiichague shule kwa kuangalia ofisi ya mwalimu mkuu. Omba kuonyeshwa choo cha watoto wadogo. Viwango vinavyojulikana nchini ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Lakini hesabu pekee haitoshi. Je, tundu au kiti ni cha kumfaa mtoto wa miaka minne, au atahofu kutumbukia? Mlango unafungika? Kuna maji na sabuni mahali ambapo mkono mfupi unafikia? Nani humsaidia akijichafua, na husema naye kwa lugha gani?

Mtoto anayeogopa choo hujizuia tangu asubuhi hadi jioni. Kuzuia mkojo kila siku kunaweza kuleta maambukizi katika njia ya mkojo, na kuzuia haja kubwa huleta kufunga choo na maumivu ya tumbo. Wazazi wengi humpeleka mtoto hospitali mara kwa mara kwa tumbo lisiloisha, kumbe chanzo kiko shuleni. Jioni, badala ya kumuuliza tu amesoma nini, muulize kama alikwenda choo.

TEMBELEA SHULE WATOTO WAKIWEMO

Siku za maonyesho kila kitu hung'aa. Nenda siku ya kawaida, mathalani saa nne asubuhi wakati wa mapumziko. Simama usikilize. Watoto wanacheka au wako kimya kama wamenyeshewa? Mwalimu anawajua kwa majina? Darasa lina madirisha ya kupitisha hewa na mwanga? Hewa ikiwa nzito, kikohozi cha mtoto mmoja kitakuwa cha darasa zima.

Tazama jengo lenyewe. Mwezi wa Septemba 2019, darasa liliporomoka asubuhi katika mtaa wa Ng'ando, Dagoretti, na kuua watoto wasiopungua saba. Wazazi wao walikuwa wamewaaga muda mfupi tu uliokuwa umepita. Shule nyingi mijini zimo ndani ya ploti za kukodi au orofa za makazi. Uliza: ngazi zina vizuizi pembeni? Kuna njia ya pili ya kutokea moto ukizuka? Lango hufungwa, na mtoto hukabidhiwa nani jioni? Omba pia kuonyeshwa cheti cha usajili wa shule, na uulize kama walimu wamesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Shule isiyo na la kuficha haitakasirika.

Iwapo kuna basi, hesabu viti na watoto. Wakibanwa watatu katika viti viwili, au hakuna mtu mzima wa kuwashusha na kuwavusha barabara, usikubali.

KABLA YA SIKU YA KWANZA

Chukua kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ukipeleke kliniki. Hakikisha chanjo zote zimetimia, hasa ile ya pili ya surua na rubela ya miezi 18 ambayo wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto ameshakuwa mkubwa. Julai 2025 kulifanywa kampeni ya kitaifa ya chanjo ya homa ya matumbo pamoja na surua na rubela. Uliza kama mwanao aliipata. Hadi atimize miaka mitano anahitaji pia vitamini A na dawa ya minyoo kila miezi sita.

Mwombe mhudumu amkague macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi, na asiyeona ubao huitwa mjinga. Ukiona mwanao amechelewa kusema, kutembea au kucheza na wenzake, usimfiche. Taasisi ya Elimu Maalum (KISE) iliyoko Kasarani ina kituo cha kuwapima watoto, na vipo vituo vingine vya aina hiyo katika kaunti mbalimbali.

Shule ikianza, mtoto ataugua mafua na kikohozi mara kwa mara. Ni kawaida anapokutana na wenzake wengi. Lakini akiwa na homa, akitapika au kuharisha, mbakishe nyumbani. Mwenye tetekuwanga asirudi hadi malengelenge yote yakauke. Uliza mapema shule humfanyia nini mtoto anayeugua katikati ya siku, na uhakikishe wana nambari ya simu inayopatikana.

JUA SHERIA

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga au kumtesa mwanafunzi, kimwili au kwa maneno. Hata mzazi hawezi kutoa ruhusa hiyo. Sheria hiyo pia haikubali shule ya umma kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya mtihani wa kuingilia; anaweza kupimwa tu ili kujua darasa linalomfaa. Basi usimkeshe mtoto wa miaka mitano akikariri majibu ya usaili.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Kulia majuma mawili matatu ya kwanza si ajabu. Lakini mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akianza tena, akiumwa na tumbo kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi, akiota ndoto za kutisha, au akikataa kuguswa, kuna jambo. Usimchape wala usimbeze. Mketishe, msikilize, kisha uende shuleni wewe mwenyewe. Ukiona alama za kuumizwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kabla ya kulipa karo, jibu haya ukiwa na mwenzako:

1. Mtoto atalala saa ngapi kila usiku akienda shule hii?

2. Atakula nini mchana, na kitakuwa kimekaa muda gani?

3. Ungekubali wewe mwenyewe kutumia choo kile?

4. Moto ukizuka au akiugua, nani atamtoa, na wewe utajuaje?

5. Karo hii ikilipwa, zitabaki pesa za maziwa, matunda na matibabu?

Swali la tano lisikuaibishe. Shule ya bei ghali inayomfanya mtoto alale na chai kavu haijamsaidia. Mtoto hakumbuki jina la chekechea yake, lakini mwili wake huhifadhi jinsi ulivyolishwa na kupumzishwa katika miaka hiyo. Ukiyapata majibu mazuri ya maswali haya katika shule ndogo iliyo nyuma ya nyumba yako, mwandikishe huko bila kusitasita.