SOMO LA WIKI: Taarifa iliyochelewa na hasira za wafanyakazi

Mwekezaji akisikia kampuni inajipanga upya, huuliza kwanza gharama zitapungua kwa kiasi gani. Ni nadra kuuliza kama wanaokatwa mishahara wanawaamini viongozi wao. Kisa cha shirika la ndege la American Airlines la Marekani, mwaka 2003, kinafaa kusomwa kwa jicho hilo.

Kampuni mama, AMR, ilikuwa imepata hasara ya dola bilioni 3.5 mwaka 2002. Mwenyekiti wake, Don Carty, aliwaeleza wafanyakazi kwamba bila kupunguza gharama za ajira kwa dola bilioni 1.8 kwa mwaka, kampuni ingekimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Marubani, wahudumu wa ndege, mafundi na wapakiaji mizigo walipiga kura kupitia vyama vyao. Wahudumu walikataa kwanza. Muda wa kura ukaongezwa, wakakubali shingo upande.

Wakati huo taarifa ya mwaka ya kampuni ilikuwa imecheleweshwa, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua mwenye hisa. Ilipotoka katikati ya Aprili, kura zikimalizika, ilionyesha mipango miwili iliyofanywa mwaka 2002. Viongozi wachache wa juu wangelipwa bonasi ya mara mbili ya mshahara wakibaki hadi Januari 2005, na dola milioni 41 zilikuwa zimetengwa katika mfuko wa kulinda pensheni za viongozi 45 endapo kampuni ingefilisika.

Mbele ya bilioni 1.8, fedha hizo ni chembe tu. Lakini rubani aliyekubali kupunguziwa mshahara alikuwa na pensheni iliyokabiliwa na hatari ileile, na hakuwekewa mfuko wa namna hiyo. Viongozi waliopanga hayo na kisha kuomba kujitolea kwa pamoja, ni dhahiri hawakuwajua watu wao. Na mambo yote hayo yalikuwa katika kurasa za malipo ya viongozi, zile ambazo wengi huziruka wakitafuta faida na gawio.

Carty aliomba radhi na bonasi zikafutwa, ila mfuko wa pensheni ukabaki. Vyama vikatishia kurudia kura, na makubaliano yote yakawa hatarini. Aprili 24 Carty alijiuzulu, Gerard Arpey akashika uongozi, masharti yakalegezwa kidogo na mikataba ikapita. Mahakama iliepukwa safari hiyo. AMR iliingia huko Novemba 2011.