Baraza la Wazee: Linavyoundwa na Linachoweza Kufanya

Wahenga walinena kuwa palipo na wazee hapaharibiki neno. Usemi huo unabeba sharti: wazee wawepo pale neno linaponenwa. Baraza la wazee ni chombo cha kutimiza sharti hilo katika serikali za mitaa.

Msingi wake

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, nayo inasisitiza ushiriki wake katika mambo yanayomhusu. Mabaraza huanzia kijiji au mtaa, hupanda hadi kata, halmashauri, mkoa na hatimaye taifa. Chombo hiki kisichanganywe na baraza la wazee wa ukoo wala la chama cha siasa; ni cha wazee wote wa eneo, bila kujali kabila, dini au itikadi.

Hatua za kuliunda

Kwanza ni utambuzi. Uongozi wa kijiji, kwa kushirikiana na Afisa Ustawi wa Jamii, huorodhesha wazee wote. Orodha inayomsahau mzee aishiye peke yake pembezoni mwa kijiji imekwisha kumnyima sauti.

Pili ni mkutano. Wazee hukutana na kuchagua mwenyekiti, katibu na wajumbe wao. Mtendaji husimamia utaratibu, hawachagulii viongozi.

Tatu ni uwakilishi. Wajumbe wa kijiji hutoa wawakilishi wa kata, na kata hutoa wa halmashauri. Wanawake na wazee wenye ulemavu wapewe nafasi ya kweli. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu huo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Baraza la wanaume watupu laweza kumaliza mwaka bila kulitaja jambo hilo.

Mipaka na nguvu yake

Baraza la wazee hushauri, haliamui. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na Baraza la Madiwani. Kwa hiyo ushauri sharti uandikwe, uwe mahususi na ufike mapema, kwani mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mipango huandaliwa miezi mingi kabla.

Kusema "wazee wapewe huduma bora" hakumpi mtumishi yeyote kazi ya kufanya. Lakini muhtasari unaosema kuwa wazee wa kitongoji fulani hawana vitambulisho vya matibabu bila malipo, ukaambatisha majina yao, na kuomba wapigwe picha kijijini kwa kuwa nauli ya kwenda makao makuu ya wilaya imewashinda, humpa afisa husika kazi inayoweza kufuatiliwa katika kikao kijacho.

Maswali ya kujipima

1. Je, kijiji kina orodha kamili ya wazee wake?
2. Je, viongozi wa baraza walichaguliwa na wazee wenyewe?
3. Je, ushauri wa mwisho uliandikwa, na majibu yake yalirudi kijijini?

Kijiji kinachojibu "hapana" kwa swali lolote kimekwisha kupata ajenda ya kwanza ya mkutano wake ujao.